Kapiga Nani, Kapigwa Nani?

Hotuba iliyotolewa Moshi mbele ya wapiga picha wa studio, wa harusi na wa utalii kutoka mikoa ya Kilimanjaro na Arusha. Imehaririwa kidogo ili isomeke.

Wazee wangu wa kazi, shikamooni. Vijana, hamjambo? Wenzetu mliotoka Arusha asubuhi, poleni na safari, karibuni Moshi. Mlima leo umejifunika, msimlaumu mwenyeji.

Nimeombwa nizungumzie upigaji picha wa siku hizi: akina nani wanatamba, na kazi hii ina nini hata ikimnasa mtu asiweze kuiacha. Kamera sitazigusa sana. Humu ndani mna watu wanaozijua kuliko mimi, na wapo wanaoweza kubishana Canon na Nikon mpaka hiace ya mwisho iondoke stendi. Mimi nina neno moja tu, na linahusu kile kinachoandikwa nyuma ya picha: kapiga nani, kapigwa nani, wapi, mwaka gani. Mtaona linafika mbali.

Nianzie Bamako, Mali. Mwaka 1948 Seydou Keïta alifungua studio mjini hapo. Hakusomea kazi hii popote. Kamera yake ya kwanza, Kodak Brownie, aliletewa kutoka Senegal na mzee wa familia yao. Watu walikuja kwake wamevaa nguo za sikukuu, wakakuta vitu vya kupozia vimeandaliwa: saa ya mkononi, kalamu, redio, hata Vespa. Alipiga uani, kwa mwanga wa jua, na kwa kuwa vifaa vilikuwa ghali mara nyingi mteja alipigwa mara moja tu, basi. Kitambaa chake cha kwanza cha nyuma kilikuwa shuka la kitandani kwake. Kila baada ya miaka miwili mitatu alibadili kitambaa, na uzeeni vitambaa hivyo ndivyo vilivyomsaidia kujua picha ipi ni ya wakati gani.

Mwaka 1991 picha zake zilionyeshwa New York, kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Afrika. Maelezo yake yalisema mpiga picha hajulikani. Mzee yuko hai, yuko Bamako, majirani wanamwamkia kila siku! Mfaransa mmoja, André Magnin, alizipenda picha hizo akafunga safari kwenda kumtafuta mwenyewe. Alipofika mjini akaelekezwa kwa mpiga picha mwingine, Malick Sidibé. Malick alipoziona hakusumbuka: hizi ni za Keïta. Miaka mitatu baadaye, 1994, Keïta akafanyiwa maonyesho yake mwenyewe jijini Paris. Kwa hiyo mtu aliyekuwa "hajulikani" New York alitambuliwa Bamako kwa kuangaliwa tu kazi yake, tena na mwenzake wa ufundi. Mimi hilo la mwisho ndilo linalonifurahisha kuliko Paris.

Huyo Malick naye hakuwa mtu wa makumbusho. Miaka ya 1960 vijana wa Bamako walikuwa na vilabu vyao vya kucheza muziki, na yeye alizunguka kwenye sherehe zao usiku kucha. Akirudi studio anasafisha mkanda, anaprinti vipicha vidogo, anavibandika kwenye makaratasi magumu na kuvitundika ili waliokuwepo waje wachague zao. Wazee mnacheka kwa sababu mnaijua kazi hiyo. Kabla ya WhatsApp, nani kati yetu hajatandika picha za mahafali mezani akasubiri wazazi wapekue? Na nani hajabaki na rundo la picha ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua?

Picha yake inayojulikana kuliko zote aliipiga usiku wa Krismasi mwaka 1963. Kijana wa kiume kavaa suti nyeupe. Binti kavaa gauni, hana viatu. Wanacheza, vichwa vimeinamiana nusura viguse, na hakuna hata mmoja anayemtazama mpiga picha. Malick alieleza kuwa hao ni kaka na dada. Ukiitazama kwa jicho la fundi hakuna ujanja wowote pale: flashi moja, usiku, watu wawili. Ujanja uko katika kwamba alikubalika kusimama karibu namna ile na sherehe ikaendelea. Huwezi kununua lenzi inayofanya hivyo. Mwaka 2007 alipewa Simba wa Dhahabu, tuzo ya maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia, kwa kazi ya maisha yake yote, na kabla yake hakuna mpiga picha aliyewahi kupewa. Akarudi Bamako, studio ileile, ambako pia alikuwa akitengeneza kamera mbovu.

Wa tatu nitamtaja kwa ajili ya vijana. Samuel Fosso alizaliwa Kameruni, akakulia Nigeria, na mwaka 1975 akafungua studio yake Bangui akiwa na umri wa miaka 13. Mchana alipiga wateja. Zikibaki picha chache kwenye mkanda hakuziacha zipotee. Alijipiga mwenyewe, amevaa suruali pana na miwani mikubwa, amtumie bibi yake Nigeria aone kuwa mjukuu anaendelea vizuri. Mabaki hayo ya mkanda ndiyo yaliyomjengea jina. Baadaye alijipiga akiwa amevaa uhusika wa viongozi wa Afrika na wa weusi wa Marekani, na mwaka 2023 alishinda tuzo ya upigaji picha ya Deutsche Börse jijini London. Kijana unayelalamika kuwa huna modeli, umesikia.

Na sisi? Afrika Mashariki haikuwa nyuma. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio Zanzibar mwaka 1930, akapiga masultani, akapiga harusi, akapiga barabara za Mji Mkongwe, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi lakini alikulia Dar es Salaam, na hapo Dar ndipo alipoanzisha Camerapix mwaka 1963. Picha alizochukua Korem, Ethiopia, mwaka 1984 ndizo zilizoiamsha dunia kuhusu njaa ile. Alipoteza mkono mwaka 1991 kwenye mlipuko Addis Ababa, akarudi kazini, na alifariki mwaka 1996 ndege iliyotekwa ilipoanguka baharini Komoro. Nawashangaa vijana wanaoweza kunitajia wapiga picha kumi wa Instagramu wa New York na huyu mtoto wa Dar hawajamsikia.

Sasa tuje huku kwetu, mlimani na mbugani. Pengine hakuna pembe ya nchi hii inayopigwa picha kama hii yetu. Wanaokuja ni mafundi kweli, nisiwe mchoyo. Mwaka 2014 Mmarekani Michael Nichols alishinda tuzo ya mpiga picha wa wanyamapori wa mwaka kwa picha ya Serengeti: simba majike watano na watoto wao wamejilaza juu ya jiwe, wingu zito nyuma yao. Aliipiga kwa mionzi ambayo jicho letu haliioni, ikatoka nyeusi na nyeupe kana kwamba ni ya enzi za mababu. Kuipata tu ile hali ya simba kumpuuza ilimgharimu karibu miezi sita ya kuwafuata. Mwingereza Nick Brandt alikuja Tanzania mwaka 1995 kuongoza video ya Michael Jackson na hakuweza tena kuwatoa wanyama kichwani. Yeye hapendi lenzi ndefu. Anasogea mpaka tembo ajae kwenye fremu. Ndege waliokaushwa na magadi ya Ziwa Natron, aliowaokota ufukweni akawakalisha kama wako hai, mmewaona kwenye simu zenu hata kama hamkujua ni kazi ya nani.

Lakini lipo jambo linaniuma. Kundi la simba alilolipiga Nichols lina jina, linaitwa Vumbi. Dume mmoja wa Serengeti, aliyepigwa katika kazi hiyohiyo, watafiti walimwita C-Boy, na wasomaji wa majarida nchi za nje wanamjua kwa jina. Tembo wa Amboseli wana majina na ukoo wao umeandikwa kizazi kwa kizazi. Halafu ingia duka lolote la vinyago pale Arusha, zungusha kile kisimamio cha kadi za posta. Utamkuta mama wa Kimaasai, shanga mpaka mabegani, uso umejaa habari. Geuza kadi. Utasoma "Mmasai, Tanzania". Basi. Simba ana jina, mama wa Longido hana.

Hata wakubwa wameshikwa hapo. Sebastião Salgado, Mbrazili aliyefariki Mei 2025, alikuwa mchumi kabla ya kuwa mpiga picha, na watu wa Moshi mtapenda hii: kilichomleta Afrika ni kahawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliajiriwa na Shirika la Kimataifa la Kahawa lenye makao yake London, akawa anatumwa huku Afrika kikazi, na kamera ya mkewe Lélia ikawa inamtawala kuliko ripoti. Mwaka 1973 akaacha kazi ya mshahara. Alipiga wachimba dhahabu wa Serra Pelada kule Brazili, watu maelfu wamepanda ngazi na mifuko ya udongo mgongoni. Mwaka 1994 alikuwa Ngara, kambi ya Benaco, wakimbizi wa Rwanda walipomiminika. Uzeeni akairudia kahawa ileile, nchi baada ya nchi, Tanzania ikiwemo. Ni fundi mkubwa, sibishani. Ila mwandishi wa Marekani Susan Sontag alimlaumu mwaka 2003 kwamba watu katika picha zake za uhamaji hawatajwi majina, mnyonge anabaki mfano wa wanyonge wenzake. Wapo wanaosema lawama ile ilizidi. Mkimbizi huenda hataki ajulikane, na hilo ni kweli. Mimi naona Sontag alikuwa sahihi zaidi ya nusu.

Mtazameni Zanele Muholi wa Afrika Kusini. Tangu mwaka 2006 anapiga sura za wanawake wanaowapenda wanawake, na wengine wanaoishi kwa hatari katika nchi ile kwa sababu ya walivyo. Msimamo wenu kuhusu maisha yao ni wenu, sijaja kuugusa, nazungumzia kazi. Kila picha ina jina la mtu, mahali, na mwaka. Anawaita washiriki. Au Sarah Waiswa, mzaliwa wa Uganda anayefanya kazi Nairobi, aliyetuzwa Arles, Ufaransa, mwaka 2016 kwa picha za dada mwenye ualbino aliyempiga Kibera. Dada yule hajapigwa ili ahurumiwe. Amesimama pale kama mwenye mawazo yake, na wewe unayetazama ndiye unayejisikia mgeni. Kwa sisi wa nchi hii, ambako watu wenye ualbino wameuawa, picha za namna hiyo zilipaswa kutoka studio zetu zamani.

Nimewataja Muholi na ngozi, basi niseme na la kazini, maana wengine mmekuja kusikia hili. Filamu za rangi zilipoanza kusambaa, maabara zilisawazisha rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu. Mafundi waliiita kadi ya Shirley. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine iko sawa. Sisi tulitoka vipi? Meno na macho. Na kwa maelezo ya watu wa Kodak wenyewe, waliopiga kelele mpaka mambo yakaanza kubadilika walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao rangi za kahawia za bidhaa zao hazikuonekana tofauti.

Leo kamera zimeboreka, tatizo limehamia kwetu. Harusini bibi harusi ana gauni jeupe, bwana harusi ana suti nyeusi, na wote wawili ni weusi watamu. Ukiiachia kamera ijipimie, inaliona gauni, inaogopa, inapunguza mwanga, na sura zinakuwa mkaa. Pimia usoni. Ongeza mwanga kidogo, kubali gauni lipoteze nyuzi mbili tatu. Hakuna mama mzazi atakayehesabu nyuzi, ila uso wa mwanawe atautafuta. Na mkiwa kwenye ukumbi wenye taa za zambarau, mwombeni DJ aziwashe nyeupe wakati wa keki. Akikataa, mfuateni mwenyekiti wa kamati.

Halafu kuna lile ombi: "Kaka, ukiediti nitoe mweupe kidogo." Muholi alipojipiga mwenyewe alifanya kinyume, aliongeza weusi mpaka ngozi ikang'aa kama kahawa iliyokaangwa. Najua mteja ndiye anayelipa. Lakini ukimchubua dada wa watu kwa kompyuta, miaka ishirini ijayo wanawe wataitazama albamu na kuuliza huyu ni nani.

Sasa Desemba. Nyie wa nje ya Kilimanjaro mnatucheka kwa kurudi nyumbani, ila kwa mpiga picha wa Moshi Desemba ni msimu ambao hata wa mbugani hawaupati. Ukoo mzima uko kihambani, kwenye shamba la ukoo. Wametoka Dar, Mwanza, Dodoma, mwingine Marekani na mtoto asiyejua Kiswahili. Unapigiwa simu: njoo Kibosho, njoo Marangu, tupo arobaini, bibi anataka picha.

Kosa ambalo wengi hulifanya ni kuwapanga chini ya migomba kwa sababu panapendeza. Panapendeza kwa macho. Kwa kamera jua linapenya kwenye majani, mmoja ana doa jeupe pajini, mwingine ana mstari puani. Wahamishie kwenye kivuli cha nyumba, saa kumi, kivuli kizima kisicho na matobo, migomba ibaki nyuma. Bibi mkalishe katikati, kwenye kiti chake mwenyewe, usimletee cha plastiki kama kipo kingine. Wakwe wanajua mahali pao kuliko wewe, waache wajipange, watagombana kidogo na huo ugomvi nao upige. Usihesabu moja mbili tatu haraka. Bibi wa Kichagga haonyeshi meno kwa sababu mtu ametaja namba. Subiri mjukuu fulani aseme utani wa Kichagga ambao wewe hutauelewa, na kidole kiwe tayari. Ukiniuliza kazi hii ina utamu gani, ni hapo. Ni ile sekunde ambayo watu arobaini wamesahau kuwa upo.

Kisha, kabla hujanywa mbege uliyokaribishwa, toa daftari. Mwite binti mmoja mwenye akili, mwambie akutajie majina, mstari wa nyuma kutoka kushoto. Yaandike. Ukifika ofisini, yaingize kwenye maelezo ya faili lenyewe, programu nyingi za kuhariri zina sehemu hiyo, na weka jina lako hapohapo. Nembo kubwa uliyoibandika katikati ya picha haihesabiki, hiyo hukatwa. Na mwenye picha akisema jina lake lisitoke nje, lisitoke. Libaki kwenye faili lako na kwenye albamu yake.

Kuhifadhi nako. Zamani tulipoteza negativu kwa unyevu na panya. Siku hizi tunapoteza kwa kidole: kadi imejaa, kuna send-off kesho, mteja hajamalizia hela, unafuta. Ernest Cole wa Afrika Kusini alichapisha picha zake za ubaguzi mwaka 1967 akiwa uhamishoni, akafa maskini New York mwaka 1990, watu wakidhani kazi yake imepotea. Mwaka 2017 negativu zaidi ya 60,000 zilitoka kwenye sefu za benki moja Sweden. Fosso nyumba yake Bangui ilivamiwa mwaka 2014 na negativu zikatupwa barabarani. Waandishi wa habari waliokuwa wakipita ndio waliookota walichoweza. Hao ni watu maarufu. Ya kwako nani ataiokota? Diski mbili za nje, moja iwe nyumba nyingine. Bei yake haifiki malipo ya harusi moja.

Tena msidhani picha ya kawaida haina kazi kubwa. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Fritz Klute na Eduard Oehler, walipiga picha Kilimanjaro kwa ajili ya kuchora ramani. Hawakuwa wanapima mabadiliko ya tabianchi, nani alikuwa na habari hiyo? Lakini kwa sababu mwaka na mahali vilijulikana, watafiti waliweza kulinganisha na picha za angani za karibuni, wakaandika mwaka 2009 kwamba takriban asilimia 85 ya barafu ya 1912 ilikuwa imetoweka kufikia 2007. Sasa fikirini ni familia ngapi za Moshi zina picha ya kipaimara, mtoto kasimama mbele ya nyumba, na nyuma yake Kibo iko wazi. Ikiwa na tarehe, ni ushahidi. Isipokuwa nayo, ni picha nzuri ya mtoto.

Ndiyo maana tuliwaomba mje na albamu na negativu za zamani. Nimeona mabegi mlangoni, ahsanteni sana. Skana mbili ziko pale kwenye meza ndefu, hakuna malipo, na kila kitu kinarudi kwa mwenyewe leoleo. Foleni ianze na wazee. Kila bahasha ina kikaratasi chenye mistari minne, kijazeni, na kama aliyepiga ni marehemu, andikeni jina lake na studio yake ilikuwa mtaa gani: Kiusa, Majengo, Double Road, Kaloleni ya Arusha, popote. Wa Arusha mnaowahi basi la saa kumi na moja, semeni mapema mpitishwe mbele.

Maswali tuyachukue huku kazi ikiendelea. Naona mkono wa dada kule nyuma, nadhani ni la Canon na Nikon.